Maji ya Masinga, Umeme wa Gitaru: Kipimo cha Anayeisuka Timu Upya

Timu inapofanikiwa au kuporomoka, wapenzi wa michezo wamezoea kutafuta sababu katika jedwali la msimu uliopo na kumtwika sifa au lawama yule anayeonekana usukani siku hiyo. Desturi hiyo ina kasoro kubwa, kwa kuwa jedwali huonyesha kilichovunwa wala halionyeshi aliyepanda, na mara nyingi anayevuna na aliyepanda si mtu mmoja. Kasoro hiyo huzidi pale timu inaposukwa upya, yaani pale wachezaji waliokomaa wanapoondolewa kwa mpango na nafasi zao kupewa chipukizi, huku uongozi ukikubali kushindwa kwa misimu kadhaa ili timu iwe imara baadaye. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba msimamizi wa timu hupimwa kwa haki pale tu mambo matatu yanapotenganishwa, nayo ni alichorithi, alichoongeza na alichoacha, na kwamba hilo la tatu, ambalo halionekani kwenye jedwali, ndilo lenye uzito kuliko mengine. Historia ya hoki nchini Kenya inaithibitisha hoja hiyo kwa namna ya kusikitisha.

Mji wa Kiritiri, makao makuu ya Mbeere Kusini katika Kaunti ya Embu, una kielelezo cha somo hili karibu nao. Kusini mwake Mto Tana umezuiwa na msururu wa mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ambapo maji yaliyokwisha kuzungusha mitambo ya bwawa la juu hushuka yakazungushe ya bwawa la chini. Gitaru, chenye uwezo wa kuzalisha megawati 225, ndicho kituo kikubwa zaidi cha umeme wa maji nchini, lakini bwawa lake ni dogo na haliwezi kuhifadhi maji ya kutosha kwa kiangazi kirefu. Masinga kwa upande wake ina uwezo wa megawati 40 tu, ila bwawa lake ni kubwa kuliko yote katika msururu huo, nalo ndilo linalotunza maji ya msimu wa mvua na kuyafungulia kidogo kidogo ili mitambo ya chini isikwame. Mtu anayesoma mita za umeme peke yake atahitimisha kwamba Gitaru ni hodari na Masinga ni dhaifu, ilhali anayefuata mkondo wa maji atatambua kwamba sehemu ya umeme wa Gitaru ni kazi ya Masinga. Tofauti hiyo baina ya hazina, yaani kilichohifadhiwa, na zao, yaani kinachohesabiwa leo, ndiyo inayohitajika katika kumpima msimamizi wa timu.

Mchezo wa hoki una matawi mawili yanayojulikana zaidi. Hoki ya uwanjani, ambayo Wakenya wengi huiita mpira wa magongo, huchezwa na watu 11 kila upande kwa gongo lililopinda nchani na mpira mdogo mgumu. Hoki ya barafu huchezwa na watu sita kila upande, kipa akiwemo, juu ya sakafu ya barafu, wakiwa wamevaa viatu vyenye bapa za chuma na wakigombania kisahani cha raba badala ya mpira. Katika NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada yenye timu 32, kazi ya kufundisha ni ya kocha, ilhali uamuzi wa nani asajiliwe, nani auzwe na nani asubiriwe ni wa meneja mkuu. Nyenzo yake kuu ni uteuzi wa chipukizi, ambao ni mkutano wa kila mwaka ambapo timu huchagua kwa zamu, katika raundi saba, vijana ambao wengi wao wana umri wa miaka 18, huku timu zilizofanya vibaya zikitangulizwa na nafasi za mbele kabisa zikiamuliwa kwa bahati nasibu. Kijana aliyeteuliwa kwa kawaida huhitaji miaka kadhaa ili akomae, na hapo ndipo ugumu wa tathmini unapoanzia, kwa sababu meneja anaweza kuwa ameshaondoka kabla chaguo lake halijazaa.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Steve Yzerman, nahodha wa zamani wa Detroit Red Wings, aliyekuwa meneja mkuu wa Tampa Bay Lightning kuanzia 2010 hadi 2018. Alipoingia aliwakuta Steven Stamkos, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2008, na beki Victor Hedman, aliyeteuliwa wa pili mwaka 2009, kwa hiyo haikuwa kazi yake kuwatafuta bali kuwatunza. Aliowaongeza ni pamoja na Nikita Kucherov, aliyepatikana katika nafasi ya 58 mwaka 2011, kipa Andrei Vasilevskiy katika nafasi ya 19 mwaka 2012, na Brayden Point katika nafasi ya 79 mwaka 2014, yaani baada ya timu nyingine kuwapita vijana hao bila kuiona thamani yao. Methali husema mchumia juani hulia kivulini, lakini Yzerman alichuma juani na kivuli akakikalia mwingine, kwani Tampa ilitwaa Kombe la Stanley, taji la ubingwa wa NHL, mwaka 2020 na 2021 chini ya Julien BriseBois, aliyekuwa msaidizi wake. Tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano ilikwenda kwa Hedman mwaka 2020 na kwa Vasilevskiy mwaka 2021, yaani mmoja ambaye Yzerman alimrithi na mwingine aliyemteua mwenyewe, na wote wawili walituzwa baada ya yeye kuondoka. BriseBois hastahili kunyimwa sifa yake, kwa maana Gitaru nayo huhitaji mafundi. Kinachodaiwa ni kwamba hesabu isiyoitaja Masinga haijakamilika.

Mtu huyohuyo alirudi Detroit Aprili 2019 na kukuta hali tofauti. Timu hiyo ilikuwa imefika hatua ya mtoano kwa misimu 25 mfululizo hadi 2016, na ili kuulinda mfululizo huo ilikuwa imetumia mara nyingi nafasi zake za kuteua vijana kununulia msaada wa muda mfupi, kwa hiyo aliyeingia alikuta bwawa limepungua. Alimrithi Dylan Larkin, aliyeteuliwa mwaka 2014 na ambaye baadaye alifanywa nahodha. Alimrithi pia Filip Zadina, chaguo la sita la mwaka 2018, ambaye hakufikia matarajio na mkataba wake ukavunjwa mwaka 2023 bila timu kupata chochote. Wengine aliowarithi aliwageuza kuwa mbegu: Anthony Mantha aliuzwa Washington mwaka 2021 kwa malipo yaliyojumuisha nafasi ya raundi ya kwanza, ambayo ilisaidia kumpata kipa Sebastian Cossa, na Filip Hronek aliuzwa Vancouver mwaka 2023 kwa nafasi iliyomleta beki Axel Sandin-Pellikka. Msimu wa 2019/20 Detroit ilishinda mechi 17 tu kati ya 71, ikawa ya mwisho kabisa, na hata hivyo bahati nasibu ikaisukuma hadi nafasi ya nne, ambako ilimchagua Lucas Raymond. Msimu wa 2023/24 ilipata pointi 91 sawa na Washington, ikakosa hatua ya mtoano kwa kigezo cha ushindi uliopatikana ndani ya muda wa kawaida, na kufikia mwisho wa msimu wa 2024/25 ilikuwa imekosa hatua hiyo kwa misimu tisa mfululizo, sita kati ya hiyo ikiwa chini ya Yzerman.

Mifano hiyo miwili ya mtu mmoja inafundisha kwamba uhodari wa msimamizi haubadiliki ghafla anapohama, bali kinachobadilika ni kina cha hazina anayoikuta na muda unaohitajika kuijaza. Inafundisha pia kwamba urithi si zawadi tu, kwa sababu chipukizi aliyerithiwa anaweza kutunzwa kama Hedman, kubadilishwa kuwa mbegu nyingine kama Mantha, au kupotea bure kama Zadina, na uamuzi wa lipi kati ya hayo litendeke ni wa aliyerithi. Tena subira ina mpaka wake, kwani miaka sita ni muda ambao chaguo la kwanza la meneja linapaswa kuwa limekwisha kukomaa, na beki Moritz Seider, aliyeteuliwa mwaka 2019 na kutuzwa mchezaji bora mgeni wa ligi mwaka 2022, ni ushahidi kwamba baadhi ya mbegu ziliota kwa wakati. Kwa hiyo anayemtetea meneja kwa urithi mbovu analazimika pia kueleza kwa nini alichokiongeza mwenyewe hakijatosha.

Kipimo hicho kikielekezwa Kenya, hoki ya uwanjani hutoa historia ya hazina kubwa iliyovunwa kwa fahari bila kujazwa tena. Timu ya wanaume ya Kenya ilicheza Michezo ya Olimpiki mara saba, mwaka 1956, 1960, 1964, 1968, 1972, 1984 na 1988, na nafasi yake bora ilikuwa ya sita jijini Tokyo mwaka 1964. Katika Kombe la Dunia la kwanza la hoki, lililofanyika Barcelona mwaka 1971, Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa na wenyeji Uhispania, kisha ikafungwa na India mabao 2-1 katika mechi ya kuwania nafasi ya tatu na kumaliza ya nne duniani. Nahodha wa kipindi hicho, beki Avtar Singh Sohal, alicheza Olimpiki nne kuanzia 1960 hadi 1972, na pamoja naye walikuwapo wachezaji kama Alu Mendonca na Hilary Fernandes, ambao majina yao yanaonyesha mkondo ulikotoka, yaani jamii ya Waasia wa Kenya, hasa Masingasinga na Wagoa.

Mkondo huo haukuchimbwa na chama cha taifa cha hoki wala na serikali, bali ulikuwa umeandaliwa na jamii zenyewe kwa miongo kadhaa kabla ya uhuru. Klabu ya Sikh Union jijini Nairobi na klabu za Wagoa zilikuwa na viwanja, mashindano na wazee wa kufundisha, huku shule kama Duke of Gloucester, ambayo leo ni Jamhuri High School, na Dr Ribeiro Goan School zikiwapa watoto magongo wakiwa bado wadogo, na hivyo mchezaji alipofika timu ya taifa alikuwa na miaka mingi ya mafunzo ambayo taifa halikuyalipia hata senti. Waliosimamia timu ya Kenya katika miaka ya 1960 walikuwa, kwa lugha ya mfano uliotangulia, mafundi wa Gitaru ambao Masinga yao ilikuwa mali ya watu wengine. Kazi yao ilikuwa njema na matokeo yao yanastahili heshima hadi leo, lakini bwawa lililowalisha lilikuwa na lango moja, kwa kuwa shule na klabu za zama za ukoloni ziligawanywa kwa misingi ya rangi na mtoto wa Kiafrika, awe wa Mbeere au wa Meru, hakuwa na njia ya kuingia humo.

Lango hilo lilipofungwa, ukavu ulionekana haraka. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizopitishwa Kenya mwaka 1967 ziliwabana Waasia wasiokuwa raia, na maelfu wakahamia Uingereza, ambayo nayo iliharakisha sheria ya kuwazuia mwaka 1968, huku wengine wakielekea Kanada na kwingineko. Familia zilizoondoka ziliondoka pamoja na watoto wao, ambao wangekuwa wachezaji wa mwaka 1976 na 1980, kwa hiyo hasara halisi haikuonekana kwenye kikosi cha siku ile bali kwenye madarasa ya shule. Mwaka 1972 jijini Munich Kenya ilimaliza ya 13, na katika Kombe la Dunia la 1973 lililofanyika Amstelveen ilikuwa ya 12 kati ya timu 12, miaka miwili tu baada ya kuwa ya nne. Anayesoma jedwali peke yake atawalaumu walioshika timu mwaka 1973; anayefuata mkondo atauliza kwa nini katika miaka kumi ya uhuru hakukuwa na shule za kutosha zilizofunguliwa mlango wa hoki ili kufidia zile ambazo watoto wake walikuwa wakiondoka.

Sababu mbili nyingine ziliongeza uzito wa pigo hilo. Kenya ilisusia Olimpiki ya Montreal ya 1976 na ile ya Moscow ya 1980, na kwa hiyo kizazi kizima kilikosa mashindano ambayo yangekipa uzoefu. Montreal pia ndiko hoki ya Olimpiki ilikochezwa kwa mara ya kwanza juu ya nyasi bandia, yaani zulia la nyuzi za plastiki ambalo mpira huteleza juu yake kwa kasi na bila kurukaruka, badala ya nyasi za kawaida ambako ustadi wa mkono ulikuwa na thamani kuliko mbio. Badiliko hilo liligeuza uwanja kuwa mtaji mkubwa, na nchi ambazo hazikuweza kutandika mazulia hayo mengi zilianza kuachwa, Kenya ikiwa mojawapo. Mchezaji aliyekulia kwenye udongo, ambako mpira hudunda pasipotarajiwa, hulazimika kujifunza upya namna ya kuupokea anapofika kwenye nyasi bandia, na hujifunza hayo akiwa mtu mzima wakati wapinzani wake waliyajua wakiwa watoto.

Kikosi kilichokwenda Los Angeles mwaka 1984 na kumaliza cha tisa, kisha Seoul mwaka 1988 na kumaliza cha 12, kinafaa kutathminiwa kwa upole kuliko nafasi hizo zinavyoashiria. Kilikuwa na wachezaji wa asili ya Kiasia pamoja na Waafrika, na mchanganyiko huo ulimaanisha kwamba kulikuwapo watu waliokuwa wameanza kujaza bwawa kutoka vijito vipya, ingawa maji yalikuwa bado machache. Seoul ikawa Olimpiki ya mwisho kwa hoki ya Kenya hadi leo. Afrika Kusini iliporejea katika michezo ya kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilileta shule zenye viwanja na mila ndefu ya hoki, na tangu 1993 imetawala ubingwa wa Afrika kwa wanaume, jambo lililoifanya njia ya Mkenya kwenda Olimpiki kuwa nyembamba zaidi. Hapo tena kilichoshinda ni kina cha hazina, kwa sababu kocha wa Kenya alipambana na nchi ambayo shule zake zilikuwa zimehifadhi maji kwa vizazi.

Hazina ya hoki ya Kenya sasa iko katika shule za sekondari, ambako mchezo huu hushindaniwa katika muhula wa kwanza, na sehemu kubwa ya sifa imekwenda magharibi mwa nchi, kwa shule kama Friends School Kamusinga, St. Anthony's Kitale na Musingu kwa wavulana, na Tigoi na Nyamira kwa wasichana. Upande wa wanawake, timu ya Telkom iliwachukua wahitimu wa shule za aina hiyo na kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara kadhaa, kisha ufadhili wa kampuni ulipokoma ikaendelea kwa jina la Blazers. Mafanikio hayo yanaonyesha kinachowezekana pale shule na klabu zinapounganishwa, na badiliko la jina linaonyesha hatari ya kutegemea mfereji mmoja, jambo ambalo hoki ya Kenya ilikuwa imeshalionja miaka ya 1960. Hata tawi la barafu, linaloendelezwa na timu ya Ice Lions kwenye ukumbi wa barafu wa hoteli moja ya Nairobi uliofunguliwa mwaka 2005, limeifikisha Kenya katika uanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2024, likiwa limeanza bila urithi wowote. Kwa kipimo cha hazina na zao, waasisi wake wameongeza karibu kila walicho nacho.

Swali linalobaki ni la Kiritiri na maeneo yanayofanana nayo, ambayo hayamo kwenye ramani ya mchezo huu. Hoki hudai gharama ambazo kandanda haidai, kwa kuwa kila mchezaji anahitaji gongo lake na kinga ya miguu, na kipa anahitaji vazi zima la kujikinga, ilhali timu nzima ya kandanda huweza kufanya mazoezi kwa mpira mmoja. Kwa mwalimu wa michezo katika nchi kavu ya Mbeere, ambako mzazi hutegemea ndengu, kunde, mtama, mifugo na mauzo ya muguka kulipa karo, gharama hizo si jambo dogo, na ndiyo maana haitoshi kumwambia msimamizi wa taifa atafute vipaji kila kona bila kumpa bajeti ya magongo. Hata hivyo mkulima wa eneo hilo anaijua kanuni ambayo wasimamizi wengi wa michezo huisahau, kwamba msimu ukiwa mbaya kiasi gani mbegu haziliwi, bali hutengwa na kutunzwa hadi mvua ijayo, kwa maana akiba haiozi na anayekula mbegu hana msimu wa pili.

Kutokana na hayo, tathmini ya haki ya kocha au kiongozi wa chama cha hoki nchini inapaswa kuanza na orodha inayoandikwa siku anapoingia, yenye majina ya wachezaji aliowakuta, umri wao na mahali walipofunzwa, na ifungwe na orodha ya namna hiyohiyo siku anapotoka. Kati ya orodha hizo mbili ndipo ilipo kazi yake, ambayo huenda ikawa kubwa hata kama hakushinda kombe lolote, au ikawa ndogo hata kama alishinda. Orodha ya pili ihesabu pia shule, viwanja na walimu, kwa sababu wachezaji huzeeka wote kwa pamoja, ilhali shule iliyopata magongo na mwalimu mwenye ujuzi huendelea kutoa wachezaji baada ya msimamizi kusahauliwa. Orodha ya aina hiyo ingeandikwa mwaka 1964, timu ilipotoka Tokyo ikiwa ya sita duniani, ingewaonyesha wasomaji wake kwamba karibu majina yote yalitoka katika jamii ya Waasia, na hatari ingetambuliwa mapema.

Mpangilio wa ujenzi wa mabwawa ya Tana unatoa sababu ya kutokata tamaa. Kindaruma ilianza kazi mwaka 1968, mwaka uleule timu ya hoki ilipomaliza ya nane Mexico, ikafuatwa na Kamburu mwaka 1974 na Gitaru mwaka 1978, na vituo vyote vitatu vilitegemea kwa kiasi kikubwa mto ulivyokuja. Masinga, bwawa la akiba lililo juu ya yote, lilikamilika mwaka 1981, baada ya mitambo ya chini kuwa imezunguka kwa miaka mingi, na Kiambere iliyoongezwa mwaka 1988, mwaka wa Seoul, ikawa na hazina iliyotangulia kuandaliwa juu yake. Hoki ya Kenya nayo ilianza na mitambo kabla ya kuwa na bwawa, lakini bwawa linaweza kujengwa nyuma ya mitambo iliyopo. Siku kocha wa timu ya taifa atakapoweza kutaja wasichana na wavulana wa miaka 14 wanaoshika gongo Kiritiri, Siakago, Kitale na Kisumu, watu wanaompima watakuwa na kitu cha maana zaidi cha kuhesabu kuliko mabao ya Jumamosi.